Nta, Nyuki na Lango Linalofunguka Lenyewe

KITUO KIDOGO CHA POLISI, BARABARA YA MWANKOKO, SINGIDA

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Tuhuma ya hujuma dhidi ya lango la Kituo cha Mbegu za Alizeti
Jina la shahidi: Simeoni Mughwai
Umri: Miaka 34
Kazi: Fundi umeme
Makazi: Mwankoko
Tarehe: 20 Mei 1974, saa 3:10 asubuhi
Mwandikaji: Koplo Gabrieli

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni leo kwa miguu yangu. Sikuitwa wala sikukamatwa. Nimekuja kwa sababu mzee Idrissa Kitundu, mlinzi wa lango la Kituo cha Mbegu, yuko mahabusu tangu juzi, na nimesikia kwamba kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuhujumu mali ya umma. Mzee Idrissa hakuhujumu kitu. Wale nyuki wa langoni niliwaleta mimi, ingawa sikukusudia, na ingawa kazi yangu ya umeme ilikuwa safi kabisa. Naomba hilo la mwisho nalo liandikwe.

Mnamo tarehe 25 Machi 1974, saa mbili asubuhi, niliitwa na Ndugu Leonidas, ambaye ni Meneja wa Kituo cha Mbegu. Alinieleza kwamba mashine ya kuchambua mbegu imefika kutoka Ulaya, na pamoja nayo limekuja kreti moja ambalo hakuna aliyeliagiza. Tulilifungua. Ndani mlikuwa na mota, sanduku la chuma la rangi ya kijani, bunda la waya mwekundu na kitabu cha lugha ambayo hatukuijua. Kwenye jalada la kitabu kulikuwa na picha ya gari dogo mbele ya nyumba nzuri, na lango limefunguka.

Meneja aliniuliza, "Fundi, unaona nini hapa?"

Nikajibu, "Naona gari."

Akasema, "Hapana. Angalia asiyekuwepo."

Nikaangalia tena. Asiyekuwepo alikuwa mlinzi.

Wakati huo mzee Idrissa alikuwa amesimama hatua chache kutoka tulipokuwa, ameshika lango ili trekta lipite. Sijui kama alisikia. Amelinda lango hilo tangu mahali pale palipokuwa shamba la mzungu, na ukimwuliza ni miaka mingapi anakutajia majina ya mbwa wote waliokufa akiwa pale. Trekta lilipopita nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, fundi. Karibu kazini."

Koplo ameniuliza lango linajuaje kwamba gari limefika. Nitaeleza kwa kifupi. Unachimba mfereji mwembamba kwenye sakafu ya saruji mbele ya lango, mfano wa mraba, kina cha vidole vitatu. Pembe zake huzikati kwa kona kali, unazilaza kidogo, maana kona kali hukata ngozi ya waya. Ndani ya mfereji unazungusha waya mara nne. Huo ndio mimi nauita kitanzi. Ncha mbili zinazobaki unazisokota pamoja kama kamba, unazipitisha kwenye bomba mpaka kwenye sanduku la kijani. Sanduku linatuma umeme kidogo kwenye kitanzi muda wote. Chuma kikubwa kikisimama juu ya kitanzi, ule umeme unabadilika, sanduku linashtuka, linaiambia mota ifungue. Chuma kikiondoka, mota inafunga. Watu wengi wanadhani ni uzito wa gari ndio unaofungua. Si uzito. Hili nimelieleza mara nyingi sana hapa Mwankoko na bado watu wanabisha.

Koplo amesema turudi kwenye nyuki. Nyuki wanakuja.

Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 11 Aprili nilichimba mfereji kwa tindo na nyundo. Ile saruji aliimwaga mzungu, haikuwa na huruma. Kila siku saa nne asubuhi mzee Idrissa aliniletea uji wa uwele kwenye kibuyu, akakaa kwenye kiti chake kile kimoja, akanitazama ninavyogonga. Hakuniuliza lango likifunguka lenyewe yeye atafanya kazi gani. Nami sikumwambia. Nilikunywa uji. Ulikuwa mzuri, na nilikuwa naona aibu kila siku, lakini nilikunywa.

Tarehe 16 Aprili, siku ya Jumanne, niliweka waya. Sasa waya ukishalala ndani ya mfereji lazima uzibwe kwa kitu kigumu kidogo, kisichopitisha maji wala umeme, ili usitikisike. Ukitikisika tu, lango linafunguka bila gari. Katika kreti kulikuwa na tyubu sita za gundi nyeusi kwa kazi hiyo. Zote zilikuwa zimekauka kama mavi ya mbuzi. Nilikwenda kuomba lami, nikaambiwa lami iliyo karibu iko Dodoma. Nilimweleza Meneja. Akasema mgeni rasmi kutoka makao makuu ya shirika ameshapangiwa tarehe 18 Mei, na akanikumbusha kwamba sisi ni taifa la kujitegemea.

Basi nikajitegemea. Nyumbani kwangu, chini ya kitanda, kulikuwa na nta ya nyuki, bonge la kama kilo nne, mali ya mke wangu Febronia, aliyopewa na mama yake. Nta haipitishi maji. Nta haipitishi umeme. Ukiiyeyusha inaingia kila pembe, ikipoa inatulia. Mimi kama fundi sikuona kasoro. Niliichukua Febronia akiwa kisimani. Naomba sehemu hii isisomwe kwa sauti kubwa, maana yupo nje kwenye benchi, na amekaa upande wa mlango.

Saa saba mchana nilikuwa nayeyusha nta kwenye debe pale langoni. Mzee Idrissa aliinuka kwenye kiti, akaja, akanusa. Tulizungumza hivi, nakumbuka neno kwa neno.

Alisema, "Fundi, hiyo ni nta?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Akasema, "Mimi ni mtu wa Iguguno. Baba yangu alikuwa na mizinga hamsini. Kwetu, mtu akitaka nyuki waje kwenye mzinga mpya, anaupaka nta. Wewe unapaka barabara."

Nikasema, "Mzee wangu, hii ni sayansi."

Akanitazama kidogo, akasema, "Nyuki hawajasoma," akarudi kwenye kiti chake.

Nilimwaga nta kwenye mfereji wote. Iliyobaki niliiona ni hasara kuitupa, hivyo nikaziba nayo bomba la waya, kisha nikalipaka sanduku la kijani kwa ndani ili vumbi lisiingie. Niliacha tundu moja chini, la ukubwa wa kidole gumba, kwa ajili ya hewa. Sanduku lilikuwa kivulini, ndani giza, limepakwa nta, lina tundu moja. Nimelala siku mbili nikilifikiria sanduku hilo. Mtoto yeyote wa Iramba angelitambua kuwa ni mzinga.

Tarehe 18 Aprili, saa tatu asubuhi, tulifanya majaribio. Niliwasha jenereta. Dereva akaleta trekta juu ya kitanzi. Sanduku likalia tik, mota ikanguruma, lango likafunguka. Wafanyakazi walipiga vigelegele. Tulipitisha ng'ombe, lango likanyamaza. Tulipitisha baiskeli, likanyamaza. Ndipo Ndugu Meneja akapanda juu ya kitanzi mwenyewe. Lango halikutikisika. Akaruka ruka mara mbili tatu. Likanyamaza vilevile. Akaniuliza mbele ya watu, "Kama halimfungulii Meneja, linamfungulia nani?" Nikamweleza habari ya chuma. Mwenyekiti wa tawi la chama akauliza kutoka nyuma kama lango linalowatambua wenye magari peke yao linakubaliana na siasa yetu. Meneja akasema swali hilo litajibiwa kwa maandishi.

Kesho yake, tarehe 19 Aprili, saa moja asubuhi, tuligundua jambo jingine. Kituo kina wafanyakazi arobaini, wote wanakuja kwa miguu. Kina trekta moja, nalo hulala ndani. Dereva wa trekta hulala kwake, nje. Jenereta nilikuwa nimeliacha likinguruma ndani, nao walikuwa wamesimama wote mbele ya lango, wanalitazama, nalo linawatazama. Mzee Idrissa alikwenda nyuma ya banda, akaleta bati moja bovu, akaliburuza mpaka juu ya kitanzi. Tik. Lango likafunguka. Watu wakaingia, akaliburuza bati nje, lango likajifunga. Alifanya hivyo asubuhi na jioni, wiki nzima. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango lisilohitaji mlinzi, na bati lilikuwa zito kuliko lango la zamani.

Tarehe 26 Aprili, Meneja aliamuru lango lizimwe lisichakae kabla mgeni hajaliona. Kuanzia siku hiyo mzee Idrissa alilifungua kwa mkono, kwa kutumia hendeli ya chuma iliyokuja kwenye kreti, ambayo ukiizungusha inasogeza lango pole pole. Sanduku likatulia.

Tarehe 27 Aprili, siku ya Jumamosi, saa sita mchana, nilikuwa natengeneza swichi ya ofisi mzee Idrissa aliponiita. Alizeti zote za shamba la mbegu zilikuwa zimechanua wakati ule. Alinionyesha nyuki wanaoingia na kutoka kwenye tundu la sanduku. Akasema, "Wamehamia." Nikasema ni wachache, wanapita tu. Akasema, "Fundi, wanaopita hawana mlinzi mlangoni." Alitaka kuwatoa kwa moshi palepale. Nilimkataza. Nilimwambia moshi utaharibu vifaa, na kwamba akiligusa sanduku langu nitamshtaki kwa Meneja. Nilimwambia hivyo mtu wa umri wa baba yangu. Akasema, "Haya."

Tarehe 2 Mei mzee Idrissa alipewa barua kwamba kazi yake itakoma tarehe 18 Mei, siku ya uzinduzi, kwa sababu ya maendeleo. Hajui kusoma vizuri, akaniletea mimi nimsomee. Nilimsomea. Aliikunja mara nne, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama leo nitakunywa uji. Tangu siku hiyo sikumwamkia tena. Nikifika langoni nilikuwa naweka skrubu mdomoni, tano au sita, ili ionekane siwezi kusema. Nilimpita mtu mzima bila shikamoo kwa siku kumi na sita. Koplo ameniuliza kama jambo hili linahusu kesi. Linanihusu mimi.

Ijumaa tarehe 17 Mei nilitaka kuwasha mota nijaribu. Meneja alikataa, akasema rangi ya lango haijakauka.

Jumamosi tarehe 18 Mei 1974, kuanzia saa tatu asubuhi, watu kama sitini walikusanyika nje ya lango. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na maua ya alizeti. Trekta lilikuwa ndani, limepambwa. Lango lilikuwa limefungwa. Mimi niliwasha jenereta, nikaruka ukuta kuja nje, nikasimama karibu na nguzo nikiwa na koti. Mzee Idrissa alikuwa kwenye kiti chake, na chini ya kiti kulikuwa na kopo linalofuka moshi mdogo wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nililiona. Nilijua ni la nini. Sikusema kitu.

Saa 4:25 mgeni rasmi alifika kwa Landrova. Madirisha yalikuwa wazi, anatupungia mkono. Meneja akatangaza kwa sauti kwamba sasa wananchi wataona lango linalofunguka bila mkono wa mtu. Dereva akasogeza gari juu ya kitanzi. Naomba iandikwe kwamba kitanzi kilihisi gari mara moja, bila kuchelewa. Sanduku likalia tik. Mota ikanguruma.

Mota ile imefungwa ndani ya sanduku lilelile.

Kwanza nilisikia sauti nyingine chini ya sauti ya mota. Kisha walitoka. Sikuwahi kujua kwamba tundu la kidole gumba linaweza kutoa kitu kirefu hivyo. Mtu wa kwanza kuchomwa alikuwa Meneja, kwenye kope, akiwa bado anasema neno "maendeleo". Wananchi waliingia kwenye alizeti. Meneja aliingia chini ya meza, akavuta kitambaa, maua yote yakamfuata. Dereva alipandisha madirisha, lakini nyuki kumi hivi walikuwa wameshaingia alimo mgeni, hivyo akaamua kurudi nyuma.

Alipotoka juu ya kitanzi, lango likaanza kujifunga, kama inavyotakiwa. Mota ikanguruma, nyuki wengine wakatoka. Dereva alipoona nyuma kuna watu wanakimbia, akasonga mbele. Lango likafunguka. Mota, nyuki. Akarudi nyuma. Likajifunga. Alifanya hivyo mara saba, nilihesabu nikiwa nimelala kifudifudi na koti kichwani. Mara zote saba kitanzi hakikukosea hata mara moja. Nilikuwa naogopa kufa, na papo hapo nilikuwa najivunia. Nasema kweli kwa kuwa nimeapa.

Mara ya saba Landrova ilizimika nje ya kitanzi, lango likajifunga likanyamaza. Mgeni na dereva walikuwa ndani ya gari, madirisha juu, jua kali, nyuki ndani na nyuki nje. Tulikuwa tunawaona wanajipiga makofi. Hakuna aliyesogea. Mimi sikusogea.

Mzee Idrissa aliinuka kwenye kiti. Alichukua kopo lake, akalipulizia likafuka vizuri, akatembea mpaka kwenye gari kama mtu anayekwenda kuchota maji. Alilizunguka gari kwa moshi, akafungua mlango, akawatoa mgeni na dereva mmoja mmoja, akawapeleka upepo unakotoka. Kisha akaenda kwenye sanduku, akalifungua, akatoa masega kwa mkono mtupu, akayaweka kwenye debe. Kulikuwa na masega matano, mawili yana asali. Alikuwa akizungumza na nyuki kwa Kinyiramba, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Mpaka saa 5:10 palikuwa pametulia. Jenereta liliendelea kunguruma huko ndani bila kazi mpaka dizeli ilipokwisha.

Meneja alitoka chini ya meza. Macho yalikuwa yamevimba yamefumba yote mawili. Alisema kwa hasira, "Huyu mlinzi alijuaje? Moshi aliuandaa tangu asubuhi! Ana barua ya kuachishwa! Mkamateni!" Alikuwa ananyooshea kidole nguzo ya lango, lakini watu walielewa. Mkononi mwa mzee Idrissa mlikuwa na hendeli ya lango, ambayo alikuwa ameitumia kubandua sega lililoganda kwenye mota. Askari walipofika, ikaandikwa kuwa silaha.

Kisha Meneja aliniuliza mbele ya askari, "Fundi, umeme wako unaweza kuleta nyuki?"

Nikajibu, "Hapana. Umeme hauleti nyuki."

Hilo lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli mbaya kama ile. Mzee Idrissa alinitazama. Angeweza kusema neno moja tu, nta, na mimi ningekuwa nimelala hapa badala yake. Hakulisema. Alipanda gari la polisi. Kiti chake kikabaki pale langoni peke yake, nikakikwepa nikaenda nyumbani.

Jana, Jumapili, saa tisa alasiri, mke wa mzee Idrissa, mama Dina, alifika kwangu akitoka kumpelekea mumewe chakula hapa kituoni. Nilidhani amekuja kunitukana, nikawa tayari. Alisalimiana na Febronia, akakataa kukaa, akasema, "Mzee amenituma. Anasema fundi asitie mkono kwenye lile sanduku bado. Malkia anaweza kuwa yumo ndani, na fundi si mzoefu, atachomwa." Akaaga akaondoka.

Mtu amelala sakafuni kwa ajili yangu, anahofia nisichomwe mkono.

Febronia alinitazama. Akauliza, "Nyuki walifuata nini kwenye sanduku la umeme?" Akaenda chumbani. Nilimsikia akiinama chini ya kitanda. Akatoka, amejifunga kanga ya pili. Alisema tu, "Kesho asubuhi tunakwenda wote," na jana sikupewa chakula, nami sikudai.

Hivyo nimefika. Mzee Idrissa aliandaa moshi kwa sababu alijua nitakachowafanyia watu, na alijua kwa sababu aliniambia mapema, na mimi sikumsikia kwa sababu yeye ni mlinzi na mimi nina kitabu. Kama kuna hujuma, ni ya nta, na nta ni yangu, au tuseme ya mke wangu. Naomba anayepelekwa mahakamani kesho awe mimi. Naomba pia iandikwe kwa mara ya mwisho kwamba kitanzi hakina kosa.

Niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyanyamazia nimeyasema yote, hakuna lililobaki. Nimesomewa maelezo haya kwa sauti ya chini kama nilivyoomba, nimeyakubali kuwa ni yangu, na ninatia sahihi.

(Sahihi) S. Mughwai

MAELEZO YA MWANDIKAJI

Nimeandika maelezo haya mimi mwenyewe, kuanzia saa 3:10 hadi saa 5:00 asubuhi. Shahidi alikuwa na akili timamu, isipokuwa alipokuwa anaeleza kitanzi alichora mezani kwa chaki na hakuweza kuzuiwa.

Saa 5:05, kielelezo namba 1, debe la masega, lililowekwa kwenye kabati la vielelezo, limeonekana kuwa limefuatwa. Nyuki walikuwa wameanza kuingia kwa dirisha la kaunta. Askari wa zamu wametoka nje. Kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, mtuhumiwa Idrissa Kitundu ametolewa mahabusu kwa muda ili kulinda mali ya Jeshi. Amefunika debe kwa kanga iliyotolewa na Bi. Febronia, akafukiza moshi, hali ikatulia. Hakujaribu kutoroka. Sisi ndio tuliokuwa mbali na mlango.

Saa 5:20 Meneja wa Kituo cha Mbegu amefika kwa miguu, jicho moja likiwa limefunguka. Ameeleza kwamba lango limefungwa tangu Jumamosi, dizeli iko ndani lakini hakuna anayethubutu kuwasha tena mota ile, trekta liko ndani, dereva yuko nje, wafanyakazi wanaruka ukuta lakini trekta haliruki, na hendeli ya kufungulia imeshikwa hapa kama kielelezo namba 2, silaha. Ameomba apewe hendeli. Amepewa kuishika. Amesema hajui inaingizwa wapi. Ameomba apewe na mlinzi.

Kwa idhini ya Mkuu wa Kituo, na kwa kuzingatia maelezo ya shahidi, mtuhumiwa ameachiwa. Meneja ameichukua ile barua ya kuachishwa kazi kutoka kwenye vitu vya mtuhumiwa, akaichana mbele yangu. Kuhusu shahidi, hakuna kifungu kilichopatikana kinachohusu nta.

Ndugu Idrissa ameulizwa kama ana malalamiko dhidi ya shahidi. Amejibu kwamba hana.

Shahidi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na kitu mdomoni. Amesema, "Shikamoo mzee."

Ndugu Idrissa ameipokea hendeli kwa Meneja, akamgeukia. Kisha ameitika, "Marahaba." Nimeshuhudia.

(Sahihi) Koplo Gabrieli
Saa 5:45 asubuhi, 20 Mei 1974